Beit al-Ajaib: jengo lipi lirudishwe?

Barghash bin Said alikuwa sultani wa mabomba na mashine. Kabla hajashika utawala, mwaka 1859, alijaribu kumpindua kaka yake Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay. Aliishi huko kama miaka miwili, katika bandari iliyokuwa ikijengwa mbio mbio na Waingereza, na aliyoyaona hayakumtoka kichwani. Aliporithi kiti mwaka 1870 alianza kuiagizia Zanzibar mambo ya kisasa. Alinunua meli za moshi. Alivuta maji ya chemchemi hadi mjini kwa mabomba, watu wakayachota bila kulipa. Alilaza reli fupi kuelekea kasri lake la Chukwani. Na mwaka 1883, kwenye ufuko wa Forodhani, alisimamisha jengo ambalo Waswahili na wageni walilikodolea macho kwa miaka mia na thelathini na zaidi.

Jengo hilo ndilo Beit al-Ajaib, na haikuwa nyumba ya kulala. Sultani na watu wake waliishi katika makasri ya jirani, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, yaliyounganishwa nayo kwa njia za juu zilizoezekwa, ili bibi wa nyumba apite bila kushuka barabarani. Jumba hili lilikuwa la baraza, la kupokea mabalozi na kusherehekea sikukuu, na kwa kweli lilikuwa la kutisha kidogo, kama yalivyo majengo yote yanayojengwa ili mgeni ajione mdogo. Kuta nene za mawe. Milango mikubwa iliyochongwa aya za Kurani. Marumaru sakafuni. Na kuzunguka pande zote, ghorofa juu ya ghorofa, roshani pana zilizobebwa na nguzo nyembamba za chuma zilizoletwa kwa meli. Baadaye lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme, na lifti yake huhesabiwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki.

Nguzo zile ndizo zilizompa kila msafiri picha ya kupeleka kwao. Ndani ya nguzo hizo pia ndimo ulimoanza ugonjwa wa jengo.

Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa kwa vitu vitatu vilivyopatikana pwani hii kabla ya mafundi kutoka mbali kufika: mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mawe yalichimbwa ardhini karibu na bahari. Chokaa ilichomwa kutokana na mawe hayo hayo: magogo yanapangwa kwa duara, mawe yanalundikwa juu yake, moto unawashwa, na tanuu linawaka mpaka jiwe gumu ligeuke unga mweupe wenye hasira. Unga huo hauguswi papo hapo. Unazimwa kwa maji, au unaachwa upigwe na mvua na umande kwa miezi, ndipo mwashi anauchanganya na mchanga na udongo mwekundu. Chokaa ikishapakwa ukutani hunywa hewa taratibu na kurudi kuwa jiwe. Haina haraka, na haifikii ugumu wa saruji, lakini ina tabia moja ambayo mafundi wa Mji Mkongwe waliitegemea bila kuiandikia vitabu: inapitisha unyevu. Mvua ikilowesha ukuta, jua likitoka ukuta unakauka.

Boriti nazo ziliweka sheria ya vyumba. Mti wa mkoko ulionyooka hutoa boriti ya mita mbili na nusu, tatu ukibahatika, na kwa hiyo vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Shehena za boriti kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu zilisafiri kwa majahazi hadi Unguja, na nyingine zilivuka hadi Ghuba, ambako nyumba za Waarabu zilikuwa na upana ule ule kwa sababu ile ile. Juu ya boriti ziliwekwa vipande vya mawe, juu ya mawe chokaa nzito, na juu ya dari la mwisho mafundi na vibarua walijipanga safu wakilitwanga kwa magongo, siku baada ya siku, wakiimba, mpaka chokaa ishikane kiasi cha kuzuia maji. Kazi hiyo ilikuwa na kelele zake na ngoma zake. Siku hizi ukitaka kuiona utatafuta sana.

Barghash alitaka kumbi pana, roshani za kutembea na ghorofa zenye dari za juu, na boriti haziwezi kubeba kiu hiyo. Chuma kinaweza. Kwa hiyo Beit al-Ajaib ilizaliwa na damu mbili: mwili wa matumbawe na chokaa, mifupa ya chuma. Bombay ilijenga hivyo, na Uingereza pia. Tatizo ni kwamba matumbawe yana chumvi, upepo wa bahari una chumvi, na chuma kikikutana na chumvi na maji huota kutu. Kutu haili chuma tu. Inavimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, na jiwe lililokumbatia mhimili linapasuka polepole kutoka ndani. Ufa mdogo unakaribisha maji zaidi, na maji yanaleta kutu zaidi. Dari likiwa zima na milizamu ikimwaga nje, mchezo huu unaenda pole kiasi kwamba vizazi vitatu havitauona. Dari likivuja, hesabu inabadilika kabisa.

Basi mtu anayetaka kulikarabati jumba hili ajue kwanza kwamba halijawahi kubaki jinsi Barghash alivyoliacha.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilizotia nanga mbele ya Forodhani zilifungua mizinga. Sultani Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki siku mbili nyuma, na Khalid bin Barghash, mtoto wa mjenzi mwenyewe, alikuwa amejitwalia kasri bila idhini ya Waingereza. Vita hivyo hutajwa kila mahali kuwa vifupi kuliko vyote duniani, chini ya dakika 45, na kichekesho hicho huwafanya watu wasahau kwamba waliouawa na kujeruhiwa upande wa Khalid walikuwa kama 500. Beit al-Hukm ilibomolewa. Mnara uliosimama mbele ya makasri ulipigwa mpaka haukufaa tena. Meli ya sultani, Glasgow, ilizama mbele ya macho ya mji. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Hamoud bin Mohammed akakalishwa kwenye kiti.

Beit al-Ajaib ilijeruhiwa lakini haikuanguka. Mwaka uliofuata, 1897, iliongezewa mnara wa saa ukutani mwa mbele, mahali ambapo zamani roshani zilipita moja kwa moja. Tangu hapo mnara huo ukawa uso wa jengo. Kadi za posta, noti, mabango ya watalii, michoro ya wasanii wa barazani, yote yanaonyesha Beit al-Ajaib yenye mnara katikati. Barghash alikuwa kaburini miaka tisa ulipojengwa. Hakuuona.

Mabadiliko hayakuishia hapo. Kuanzia mwaka 1911 Waingereza waliligeuza jumba la baraza kuwa ofisi za serikali, na ofisi zina mahitaji yake: kuta za kugawa vyumba, makabati, nyaya, vyoo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 likawa skuli ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), na ndani yake yakawekwa maonyesho ya historia ya chama hicho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likageuka Makumbusho ya Historia na Utamaduni, na katika ua wake wa ndani ukawekwa mtepe, jahazi la kale la pwani lililoshonwa kwa kamba bila msumari, uliojengwa upya ili watu waone jinsi babu zao walivyosafiri. Kila mtumiaji aliacha alama. Kila mmoja pia aliziba, akapaka, akatoboa, akafunika, na vifaa vyake vikawa vile vya zama zake, yaani saruji kwa wingi na mabati.

Saruji ndiyo inayostahili kulaumiwa zaidi katika historia ya Mji Mkongwe, ingawa haina nia mbaya. Inapatikana kila duka la vifaa, inakauka upesi, fundi yeyote anaijua. Mwenye nyumba anayeona lipu imebanduka huita fundi, fundi huipiga lipu ya saruji, ukuta unang'aa, pesa inalipwa na watu wanaridhika. Ndani yake mambo ni mengine. Lipu ngumu haipitishi unyevu, kwa hiyo maji yaliyoingia kwa juu, kwa dari lililopasuka au bomba linalovuja, hayana pa kutokea. Yanapanda, yanashuka, yanakusanyika kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani, na ncha hizo zinaoza zikiwa zimefichwa. Baada ya miaka lipu nzima inaachia kama ganda, imebeba na vipande vya jiwe. Mafundi wazee wa chokaa huutambua ukuta wa namna hii kwa kuugonga tu.

Wako watakaosema kwamba yote haya ni hadithi ya umaskini, kwamba mji usio na fedha hauwezi kuchagua. Mita mia chache kutoka Beit al-Ajaib, kwenye barabara ya Mizingani kuelekea bandarini, lipo jengo linalozuia hoja hiyo isiwe rahisi.

Tharia Topan alitoka Kutch akiwa kijana, akaingia Zanzibar bila kitu, akafanya biashara mpaka akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa kisiwa na msimamizi wa forodha ya sultani. Mikopo yake ndiyo iliyovusha misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip kwenda bara, na misafara ile haikurudi na pembe za ndovu peke yake, bali na watumwa pia. Mwaka 1887 Topan aliweka jiwe la msingi la hospitali, kuadhimisha miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria. Uchaguzi huo wa maadhimisho unasema mengi juu ya upepo wa kisiasa ulikokuwa ukielekea. Fundi mchoraji wa kwanza, Hashim Patel, aliletwa kutoka India. Topan alifariki mwaka 1891 kazi ikiwa haijaisha, na jengo likakamilika mwaka 1894. Matokeo yake ni roshani za mbao zilizonakshiwa mpaka jicho linachoka, vioo vya rangi, mapambo ya lipu ya Kizungu juu ya kuta za matumbawe. Mwaka 1900 lilinunuliwa kwa fedha za amana ya Haji Nasser Nur Mohamed, daktari akawekwa chini, wapangaji juu, na mji ukalijua kama zahanati.

Baada ya 1964 zahanati ilifungwa na jengo likaachwa. Wakati ule hali hiyo ilikuwa ya kawaida, na sababu zake zinafaa kutajwa waziwazi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa mali ya matajiri wa Kiarabu na Kihindi, nyingine zilikuwa wakfu ambao mapato yake yaligharamia matengenezo. Baada ya Mapinduzi wenyewe walikimbia au walinyang'anywa, serikali ikawapangisha watu wapya kwa kodi ndogo, familia kadhaa ndani ya nyumba iliyojengewa familia moja. Hakuna aliyekuwa na wajibu wa dari. Mpangaji alisema ni la serikali, na serikali ilikuwa na skuli za kujenga na hospitali za kuendesha. Mabomba mapya yaliyoingizwa kwa kutoboa kuta za zamani yalivuja mwaka mzima, masika na kiangazi. Wengine waliinua ghorofa ya mabati juu ya nyumba iliyokwisha kuchoka. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zinaanguka zenyewe, hasa wakati wa mvua.

Mwaka 1985 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 majengo ya mji, yapatayo 1,700, yalihesabiwa na kukaguliwa moja moja, na mengi yalikutwa katika hali ya kuchakaa. Mwaka 1994 mpango wa hifadhi ya mji ulikamilika, ulioandaliwa pamoja na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Taasisi hiyo hiyo ya Aga Khan ndiyo iliyokuwa imeikodi Zahanati ya Zamani kutoka serikalini mwaka 1990. Ukarabati ulifanyika katika miaka ya 1990, na kilichokuwa muhimu kuliko fedha ni utaratibu. Kazi ilianza juu, paani, si kwenye uso wa mbele wenye nakshi unaopendwa na wapiga picha. Mbao zilizooza zilikatwa sehemu mbovu tu na kuunganishwa kipande kipya cha mti, badala ya kung'oa roshani nzima na kuchonga mpya. Lipu ya chokaa ilirudishwa. Vijana wa mji walifundishwa kazi hiyo na waliokuwa wanaijua bado, na walipomaliza pale walikuwa na ujuzi wa kupeleka kwingine. Forodha ya Zamani, jirani, ilifuata, na kwa miaka mingi ikawa nyumba ya wanamuziki: Chuo cha Muziki wa Nchi za Majahazi kilikuwa ghorofani mwake, na mpita njia wa jioni alisikia qanuni na fidla zikifanyiwa mazoezi. Jengo la zamani la simu kule Shangani liligeuzwa hoteli. Bustani ya Forodhani yenyewe, mbele ya Beit al-Ajaib, ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009.

Katika mtaa wa Mkunazini mambo yalifanana. Kanisa Kuu la Anglikana lilijengwa kuanzia mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa lililofungwa kwa mkataba ambao Barghash alilazimishwa kuusaini. Askofu Edward Steere, aliyekuwa pia mtaalamu mkubwa wa Kiswahili, alilipatia paa la tao bila mbao, kwa mchanganyiko wa matumbawe na saruji, jambo ambalo watu wa mji hawakuamini kwamba litasimama. Lilisimama, ila maji yaliingia. Katika muongo wa 2010 kanisa lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na taasisi ya kimataifa ya kuhifadhi majengo, na pamoja nalo yakawekwa maonyesho ya historia ya utumwa.

Kwa hiyo ujuzi ulikuwapo, mafundi walikuwapo, na kwa majengo fulani fedha zilipatikana. Beit al-Ajaib ilikuwa inasubiri wakati huo wote.

Kusubiri huku kuna maelezo yake. Jengo dogo linaweza kupata mwenyewe, na mwenyewe akaliingiza katika matumizi yanayolipa: ofisi, hoteli, chuo, duka. Jumba la fahari la taifa haligawanyiki hivyo. Ni la wote, ni la fahari, na ni kubwa mno kiasi kwamba kila makadirio ya ukarabati wake yanatoka na tarakimu za kuogofya. Matokeo yake ni kwamba matengenezo madogo yanaahirishwa kwa sababu mradi mkubwa unakuja. Nani atatumia bajeti ya mwaka kuziba dari ambalo mfadhili atalifumua mwakani? Mwakani mradi haujaja, na dari limepitia masika nyingine. Hapa ndipo uamuzi wa mwandishi huyu unapoegemea: Beit al-Ajaib haikuuawa na uzee, wala na mizinga ya 1896, wala na chuma cha Barghash peke yake. Ilichoshwa na pengo kati ya mradi mmoja na mwingine, wakati ambapo hakuna mtu aliyelipwa kupanda juu kila mwaka na ndoo ya chokaa.

Mwishoni mwa 2012 kona ya roshani iliporomoka, nguzo zake za chuma zikaenda nayo. Jengo likafungwa, vifaa vya makumbusho vikaondolewa, uzio wa mabati ukawekwa. Watalii wakaendelea kulipiga picha kutoka bustanini kwa nyuma ya uzio, na wachuuzi wa urojo na mishikaki wakaendelea na biashara yao usiku. Mazungumzo na Oman, nchi ya ukoo wa Barghash na mfadhili wa asili kabisa mtu angeweza kumfikiria, yalizaa mkataba wa kugharamia ukarabati. Mkandarasi akaingia. Majukwaa yakapanda ukutani.

Tarehe 25 Desemba 2020, mchana, wakati mafundi wakiwa kazini, upande wa mbele uliporomoka. Mnara wa saa ulianguka pamoja na roshani za pande zake na vyumba vya nyuma yake. Watu wawili walifariki na wengine walijeruhiwa. Video zilizopigwa kwa simu zilisambaa kabla vumbi halijatua, kwa hiyo watu wa Muscat, London na Toronto waliokulia Mji Mkongwe waliona anguko saa ile ile na watu wa Darajani.

Jengo kuanguka katikati ya ukarabati si jambo la kipekee kwa Zanzibar. Ukuta uliochoka husimama kwa mazoea: mzigo umejitafutia njia yake, umepita hapa na kukwepa pale, na kitu kinachoonekana hakina kazi, lipu iliyovimba au kuta za kugawa vyumba za enzi za ofisi, huenda ndicho kinachoshikilia. Ukiondoa, ukitikisa, ukipandisha mzigo wa jukwaa, mizani inavurugika. Ndiyo maana mafundi waliobobea hutumia miezi kupima nyufa na kutegemeza kila kitu kabla ya kung'oa chochote. Mnara wenyewe ulikuwa na shida ya ziada, maana ulikuwa mzigo mrefu uliopachikwa mwaka 1897 kwenye jengo ambalo msingi wake haukupangiwa mnara.

Kilichobaki kilitegemezwa kwa vyuma ili kisifuate. Na hapo likaja swali ambalo kabla ya anguko hakuna aliyelazimika kulijibu kwa sauti. Tukisema Beit al-Ajaib irudishwe, ni ipi?

Wapo wanaotaka ile ya 2020 irudi ilivyokuwa, mnara na yote, kwa sababu ndiyo waliyoijua wao na wazazi wao. Hoja yao ina nguvu ya moyo. Mji ni wa wanaoishi ndani yake, na uso wa Forodhani bila mnara ule ni uso wa mgeni. Kuna historia pia: mnara ni kovu la 1896, kumbukumbu ya jinsi usultani ulivyovunjwa meno, na kufuta kovu ni kusafisha hadithi. Wengine wanaweza kudai ile ya 1883, roshani zikipita mfululizo kama Barghash alivyoagiza, jengo jepesi zaidi na rahisi kusimama. Lakini hiyo ingekuwa nakala ya jengo ambalo hakuna mtu aliye hai aliyeliona, imepakwa chokaa mpya. UNESCO na wataalamu wa hifadhi huitilia shaka nakala ya namna hiyo, kwa sababu ikikubaliwa hapa, mwenye hoteli wa kesho atabomoa nyumba ya kweli akidai atajenga nyingine inayofanana nayo.

Kisha kuna suala la vifaa, na hapa mjadala unashuka kutoka kwenye picha hadi kwenye ndoo. Kujenga upya kuta nene za matumbawe kwa chokaa kunahitaji mawe mengi, na uchimbaji wa matumbawe si kitu ambacho kisiwa kinaweza kuruhusu ovyo. Yaliyoanguka yanaweza kuchambuliwa na kutumika tena, na ni heri yatumike, maana jiwe lililokwisha kukaa ukutani karne nzima limekwisha kukauka. Chokaa ya kutosha inahitaji matanuu na muda wa kuizima, tena muda huo hauingii kirahisi katika ratiba ya mkandarasi. Boriti za mikoko ni tatizo jingine: misitu ya mikoko imewekewa vizuizi vya kukata bara na visiwani, na ni haki, kwa sababu mikoko ndiyo ngome ya pwani dhidi ya bahari inayokula ardhi. Na nguzo za chuma zilizovunjika, zitayeyushwa na kumiminwa tena kwa kalibu ya asili, au nguzo mpya zitatengenezwa kwa chuma cha kisasa kisichoota kutu upesi na kupakwa rangi ile ile?

Wengine watapendekeza nondo na zege ndani, matumbawe nje kama nguo. Ni rahisi, ni haraka, na wahandisi wengi wangelala usingizi. Lakini zege yenye nondo, kwenye upepo wa chumvi wa Forodhani, inarudisha ugonjwa ule ule kwa jina jipya: chuma kilichofungiwa ndani ya kitu kigumu, kikingoja maji. Majengo ya zege ya miaka ya 1970 kule Ng'ambo, yenye nondo zilizotokeza kwenye roshani, yanaonyesha wazi inachukua muda gani. Kama chuma kitatumika, na kwa kumbi zile pana lazima kitumike, basi kikae mahali kinapoonekana, fundi akifikie kwa brashi na rangi, kama nguzo za Barghash zilivyokuwa wakati kulikuwa na mtu wa kuzipaka.

Na huyo mtu wa kuzipaka anapaswa kuandikwa katika mkataba kabla ya mchoro wa mnara. Zahanati ya Zamani ilipofunguliwa ilikuwa na wapangaji wanaolipa na mlezi anayejulikana. Beit al-Ajaib itakapofunguliwa itahitaji fundi wa chokaa, fundi wa chuma na mtu wa paa, wenye mshahara wa kila mwezi kutoka kwenye tiketi za makumbusho au kutoka hazina, wasiotegemea mfadhili yeyote wa Muscat wala wa Brussels. Gharama ya watu watatu kama hao kwa mwaka ni ndogo sana ukilinganisha na mradi wowote uliowahi kutangazwa kwa ajili ya jumba hilo, na bado katika makabrasha ya ukarabati wa majengo ya kale, hapa na kwingineko, kipengele hicho huwa ndicho cha kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Kuhusu mnara, mwandishi huyu angeurudisha, mwepesi zaidi kwa ndani, na mlangoni angetundika picha mbili kubwa za jumba: moja ya kabla ya Agosti 1896 na nyingine ya baada ya Desemba 2020, zikiwa na tarehe zake chini.